Jogoo la Shamba na Kitabu cha Vipimo: Historia Fupi ya Kuku wa Maonyesho

Wahenga walinena kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi huieleza kwa namna moja: mtu aliye hodari kwao, akifika ugenini, hana budi kunyamaza. Maelezo hayo ni sahihi. Walakini, siku moja katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, tulipata sababu ya kuifikiria upya. Mchuuzi mmoja alikuwa na jogoo ambaye manyoya yake yalijikunja kuelekea kichwani, kana kwamba upepo ulikuwa ukimpiga daima kutoka nyuma. Wanunuzi walimpita. Mmoja alisema ni mgonjwa. Mwingine akasema ana mkosi. Na bei ikashuka mpaka ikawa chini ya ile ya tembe mdogo aliyefungwa kando yake. Mwanafunzi wetu tuliyekuwa naye akauliza, "Mwalimu, jogoo huyu ni mbaya kweli, ama ni sisi tuliosema kwamba ni mbaya?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Katika makala haya twakusudia kumjibu kwa kusimulia habari za watu waliojitwika kazi ya kuamua, kwa maandishi, kuku mzuri ni yupi. Sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Uingereza na Marekani katika karne ya 19. Lakini msomaji asidhani kwamba ni habari za mbali tu. Mambo yaliyowapata kuku wale yanafanana sana na mambo ambayo sisi walimu wa lugha huyatenda kila tushikapo kalamu nyekundu.

Kuku kabla ya maonyesho

Kuku wa nyumbani asili yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Charles Darwin alilitetea wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea ya kufugwa, na uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2020 umelithibitisha. Kutoka huko kuku alisafiri na wanadamu kwa nchi kavu na kwa majahazi. Kila alipofika alibadilika kidogo, kwa hali ya nchi na kwa mapenzi ya wenyeji wake.

Lugha zimehifadhi alama za safari hizo. Waingereza huwaita kuku vibete kwa jina lililotokana na Banten, bandari ya kisiwa cha Java, ambako mabaharia walizoea kununua kuku wadogo. Katika Kiswahili tunalo jina la kuchi, yaani kuku mrefu, mwenye shingo ndefu na tabia ya kupenda vita, ajulikanaye sana pwani. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa katika karne hii umeonyesha kwamba kuchi ana undugu na majogoo wa kupiganishwa wa Asia. Tunalo pia jina la kishingo kwa kuku asiye na manyoya shingoni, na kibwenzi kwa yule mwenye shungi kichwani. Wako waitao bukini kuku asiye na mkia, na Bukini ndilo jina la kale la Madagaska.

Basi watu wetu waliziona tofauti na wakazipa majina. Lakini hapakuwa na mtu aliyeandika kwamba kishingo aliye kamili awe na ngozi ya rangi gani, au shungi la kibwenzi liwe na upana gani. Uzuri wa kuku ulikuwa katika jicho la mwenye kuku, na jirani yake aliweza kubishana naye wakati wowote.

Kutoka vitani hadi kizimbani

Kule Uingereza watu walikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kupiganisha majogoo. Wakubwa kwa wadogo walikusanyika, wakaweka dau, na majogoo wakauana kwa vikwaru vya chuma. Mwaka 1835 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na katazo hilo likaimarishwa kwa sheria nyingine mwaka 1849. Mchezo ule haukufa mara moja, bali ulijificha. Hata hivyo wafugaji wengi waliokuwa na ujuzi wa kuchagua wazazi na kutunza nasaba walijikuta na ujuzi usio na uwanja.

Uwanja mpya ulikuwa umekwisha kuanza kutengenezwa. Sir John Sebright, aliyefariki mwaka 1846, alitumia miaka mingi kuunda kuku kibete ambaye kila unyoya wake umezungushiwa ukingo mweusi, kama sahani iliyopigwa mstari kando. Kuku huyo hajulikani kwa mayai wala kwa nyama. Aliumbwa atazamwe. Tarehe 14 Juni 1845, maonyesho makubwa ya kuku yalifanyika katika bustani ya wanyama ya London, na maonyesho hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mwanzo wa desturi hii kama tuijuavyo leo.

Likatokea na jambo jingine. Vita vya Waingereza na Wachina vilikwisha mwaka 1842, na mkataba wa amani ukazifungua bandari tano za Uchina kwa wafanyabiashara wa kigeni, Shanghai ikiwa mojawapo. Melizo zikaanza kurudi na kuku ambao Ulaya haijapata kuwaona mfano wao: wakubwa mno, wapole, wenye manyoya mpaka vidoleni. Waliitwa Cochin China, ingawa walitoka Shanghai na si huko Cochin China, nchi iliyo kusini mwa Vietnam ya leo. Jina hilo la makosa limewaganda hata sasa. Malkia Victoria alipata kuku wa kigeni wa namna hiyo, na mwishoni mwa mwaka 1843 gazeti la Illustrated London News likachapa habari na picha za kuku wake wa Windsor. Mwaka 1846 kuku wa Malkia walionyeshwa Dublin.

Mtu mkubwa akipenda kitu, wadogo hukikimbilia. Baada ya maonyesho ya Birmingham ya mwaka 1850, tamaa ya kuku hawa ikawa kama maradhi. Upande wa pili wa bahari, Novemba 1849, watu wa Boston walikuwa wamefanya maonyesho yao wenyewe. Watazamaji wapatao elfu kumi walikwenda kuwaangalia kuku zaidi ya elfu moja. Wamarekani wenyewe waliyaita mambo hayo homa ya kuku. Mfanyabiashara mmoja, George Burnham, aliijua homa hiyo vizuri kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiipuliza. Mwaka 1852 alimpelekea Malkia Victoria zawadi ya kuku tisa wa kijivu wenye asili ya Asia, akapata barua ya shukrani, na baada ya hapo bei ya kuku wake ikapanda. Mwaka 1855, homa ilipokwisha na wengi walipobaki na mabanda yaliyojaa kuku wasionunulika, Burnham huyo huyo aliandika kitabu cha kuwacheka wanunuzi wake.

Kitabu cha vipimo

Homa ilipopoa, walibaki wale waliowapenda kuku kwa kweli. Hao nao walikuwa na taabu moja kubwa. Kuku aliyeshinda Birmingham alishindwa mji wa pili, maana kila mwamuzi alikuwa na jicho lake. Ugomvi ulikuwa mwingi. Ndipo mwaka 1865 chama cha wafugaji cha Uingereza kilipochapa kitabu cha kwanza cha vipimo vya kuku wa maonyesho, kilichosimamiwa na William Tegetmeier, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akiandikiana na Darwin. Huko Marekani chama cha wafugaji kiliundwa Buffalo mwaka 1873, na mwaka uliofuata kikatoa kitabu chake.

Kitabu cha vipimo humgawa kuku sehemu sehemu, kama sisi tunavyoigawa sentensi. Undu, ambao wengine huuita upanga, una alama zake. Uso, masikio, shingo, mgongo, mkia, miguu, rangi ya jicho, idadi ya vidole, vyote vina alama zake. Mwamuzi hupita mbele ya vizimba, humtoa kuku, humkunjua bawa, hutazama chini ya manyoya, kisha huandika. Kosa jingine hupunguza alama. Kosa jingine humtoa kuku mashindanoni kabisa.

Kwa hiyo mfugaji hufanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya dakika chache. Huwatenga vifaranga, huwachambua wanapokuwa mapora na matembe, na wengi huishia chunguni. Siku chache kabla ya maonyesho huwaosha kuku weupe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, huwasuuza, huwakausha penye joto, na huwapaka mafuta miguuni. Huwazoeza kizimba mapema, kwa maana kuku mwenye hofu hujikunyata, na aliyejikunyata haonekani umbo lake.

Katika aina fulani zenye mistari au nakshi, kitabu kinadai jogoo wa namna moja na jike wa namna nyingine, na ndugu wa tumbo moja hawawezi kuwa hivyo wote wawili. Basi mfugaji hodari hulazimika kuwa na koo mbili: mmoja wa kumpatia majogoo wa kushinda, mwingine wa kumpatia majike wa kushinda. Jogoo na jike wanaosimama pamoja kizimbani, wakiitwa jozi kamili ya aina yao, hawakutoka katika nyumba moja. Dada zake yule jogoo mshindi hawapelekwi uwanjani kamwe.

Uso mweupe

Hatuna budi kukiri faida ya vitabu hivi. Kabla yake, jina la aina ya kuku lilikuwa neno la mchuuzi tu. Baada yake, mtu wa Scotland na mtu wa Boston waliweza kuzungumza juu ya kuku mmoja bila kuonana. Lakini kipimo kilichoandikwa kina hatari yake, na mfano ulio wazi ni kuku mweusi wa Hispania.

Kuku huyu alisifiwa Uingereza kwa mayai yake makubwa meupe. Alikuwa pia na pambo: ngozi nyeupe usoni pake, iliyopendeza dhidi ya manyoya meusi. Maonyesho yalipoanza, weupe ule ukawa ndio jambo kuu. Kila mwaka aliyeshinda ni yule mwenye uso mweupe zaidi na mpana zaidi, na ndiye aliyezalishwa. Uso ukakua mpaka ukashuka chini ya kidevu na kuyaziba macho ya baadhi yao. Wakati huo huo kuku mwenyewe akadhoofika: vifaranga walikuwa vigumu kuwalea, wakubwa hawakustahimili baridi. Wakulima wakamwacha. Leo ni kuku adimu, na huko mashambani alikosifiwa zamani hapatikani tena.

Hakuna mtu aliyekusudia kumdhuru kuku yule. Kitabu hakikuandika kwamba adhoofishwe. Kilichotokea ni kwamba uso unaonekana kizimbani, na nguvu za kifaranga usiku wa baridi hazionekani. Kinachoonekana kilipata alama, na kisichoonekana kikapotea polepole bila ya mtu kukitupa.

Siri ya kuku wa buluu

Mfano wa pili ni wa kuku wa Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania. Kitabu cha vipimo kinamtaka awe na rangi ya buluu ya kijivu, kila unyoya ukiwa na ukingo mweusi zaidi. Wafugaji waliichagua rangi hiyo kwa bidii. Waliwatwalia majike wa buluu majogoo wa buluu, na kila mwaka walisikitika: katika vifaranga wanne, kwa wastani, wawili walikuwa wa buluu, mmoja mweusi, na mmoja mweupe mwenye madoa. Wale weusi na weupe waliitwa takataka. Wafugaji waliamini kwamba damu haijasafika, na kwamba wakizidi kuwatupa, siku moja nasaba itakuwa safi.

Mwaka 1900 wataalamu waligundua upya kazi ya Gregor Mendel juu ya urithi katika njegere, na mwaka 1902 William Bateson wa Cambridge alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba kanuni zile zatawala wanyama pia. Aliwatumia kuku, na mafumbo ya wafugaji wa maonyesho yalimfaa sana. Mambo ya kuku wa Andalusia yakawa wazi. Buluu haikuwa rangi safi iliyochafuliwa. Buluu ndiyo mchanganyiko wenyewe. Kila kuku wa buluu amerithi weusi kwa mzazi mmoja na weupe kwa mwingine, na ukimzalisha na mwenziwe wa buluu, mchanganyiko huo hutengana tena. Mtu akitaka vifaranga wote wawe wa buluu, pasibaki hata mmoja asiyekuwa hivyo, njia ni moja tu: amtwae yule takataka mweusi na yule takataka mweupe, awazalishe pamoja.

Vipimo viwili

Katika karne ya 20 kikaja kipimo kingine. Wataalamu waliacha kutazama manyoya wakaanza kuhesabu mayai. Mashindano ya kutaga yalianzishwa katika nchi kadhaa. Yale ya Storrs, katika jimbo la Connecticut, yalianza mwaka 1911. Baadaye makampuni yalizalisha kuku chotara wa mayai na kuku chotara wa nyama, na wafugaji wakubwa wakaziacha mbegu za zamani.

Hapo jambo la ajabu likatokea. Mbegu nyingi zilizoachwa na wakulima zilisalimika katika mabanda madogo ya wale wale waliochekwa kwa kupenda manyoya. Watu walipoanza kuhofia kupotea kwa mifugo ya asili, Waingereza wakaunda shirika la kuihifadhi mwaka 1973 na Wamarekani wakaunda lao mwaka 1977, kuku wa kale walikutwa kwa wapenzi wa maonyesho. Basi kitabu kile kile kilichomlemaza kuku wa Hispania ndicho kilichowazuia wengine wasisahauliwe. Mgala muue na haki yake umpe.

Baadhi ya watoto wa vitabu hivyo wametufikia na sisi. Jogoo mwekundu wa Rhode Island, aliyeingizwa katika kitabu cha Wamarekani mwaka 1904, aliletwa Afrika Mashariki zama za ukoloni ili awaboreshe kuku wa kienyeji. Watu walimpokea kama wanavyompokea kila mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Leo damu yake imechanganyika vijijini hata mwenye kuku hajui tena mgeni ni yupi.

Na sisi walimu

Ndugu wasomaji, mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na tangu mwaka 1930 kamati ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilisimamia vipimo vyake. Kongo haikuwa na kiti katika kamati hiyo. Sisi tulikipokea kipimo kikiwa kimekwisha kuandikwa.

Hatukijutii. Bila ya hicho, mtoto wa Bukavu asingesoma kitabu kilichochapwa Dar es Salaam, na tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja hiyo imezidi. Lakini tunataka kuungama jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi alituandikia insha juu ya mazishi ya nyanya yake. Aliandika "batoto" na "bintu", kama wasemavyo nyumbani kwao. Tulizungushia kila neno wino mwekundu, tukampa alama chache, tukamrudishia. Mambo aliyoyasema humo, namna wanawake walivyoimba, namna babu yake alivyokataa kuketi mpaka jioni, hatukuyaandikia hata neno moja. Tangu siku ile aliandika kwa usafi, sentensi fupi fupi, na hakutuambia tena jambo lolote la kwao. Tulikuwa tumeutazama uso tu.

Hatusemi kwamba mwalimu aache kusahihisha. Mwanafunzi ana haki ya kufundishwa "watoto" na "vitu", maana atavihitaji mtihanini na safarini. Tunasema mwalimu ajue kwamba kipimo chake hupima kinachoonekana, na kwamba Kiswahili sanifu chenyewe si cha rangi moja. Kitabu tumekipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, gari kwa Wahindi, shule kwa Wajerumani, na vyote vimetembea kwa miguu ya Kibantu. Anayetupa kila kisichofanana na kitabu anaweza kuwa anatupa nusu ya buluu.

Tumrudie jogoo wa Kadutu. Kule Uingereza kuku wa manyoya yaliyojikunja ni aina kamili yenye jina na vipimo vyake kitabuni, na angeweza kusimama kizimbani apewe utepe. Wataalamu wa mifugo nao wamegundua kwamba kuku wa namna hiyo, na kishingo pia, hupunguza joto la mwili kwa urahisi zaidi katika nchi za joto. Kwa hiyo jibu letu kwa mwanafunzi yule, ingawa limechelewa, ni hili: jogoo hakuwa mbaya. Alikuwa katika soko ambalo kipimo chake hakikujulikana.

Twawaomba walimu wenzetu wafanye zoezi hili darasani. Kila mwanafunzi aulize nyumbani majina yote ya kuku wanayoyajua wazee: kwa rangi, kwa manyoya, kwa umri, kwa tabia. Ayaandike kama yalivyotamkwa, kisha kando yake aandike maelezo kwa Kiswahili sanifu. Sahihisheni maelezo. Majina yaacheni kama yalivyo, na mkipenda, mtuletee tuyakusanye.